Vipisi Nyuma ya Vyoo

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Daftari hili lilikuwa la nidhamu. Préfet Ézéchias, mkuu wa shule yetu, ameleta jipya lenye safu nyekundu, akaniambia la zamani nilitupe. Sitalitupa. Kurasa nyingi bado ni safi, na mimi sina mahali pengine pa kusemea ninayoyaona. Nikiyasema shuleni ni utovu wa nidhamu, nikiyasema nyumbani ni ugomvi, nikiyasema kanisani nitapewa kitubio.

Leo majivu kwenye paji la uso, chai bila sukari (ndiyo ahadi yangu ya Kwaresima, na kufika saa nne nilikuwa nimeshaijutia), kisha saa tano nimemkamata Solange wa mwaka wa nne nyuma ya dirisha la darasa, anafuka moshi. Ni msichana wa Kayna, walikimbilia huku Butembo na shangazi yake vita vilipofika kwao. Mkononi alikuwa na sigara ya umeme, ile wanafunzi wanayoiita chicha ya mufuko. Ya rangi ya waridi, na inanukia fraise, yaani stroberi.

"Hii ni ya nini?"

"Madame, ni ya kunukisha tu mudomo."

"Mudomo inatoka moshi?"

"Haiko moshi, Madame. Ni mvuke."

Nimeitia kwenye katoni ya chaki ndani ya kabati langu. Sasa ziko tisa, pamoja na vichupa vinne vya maji yake. Ufunguo ninauvaa shingoni.

Sasa niandike lile ambalo halikustahili daftari la nidhamu: nyumbani kwangu kuna ya kumi, nyeusi, na mwenyewe ni mume wangu. Lusenge anaendesha Fuso kati ya Butembo na Beni. Sigara alijifunza ujanani kwenye machimbo ya Manguredjipa, akazivuta pakiti kwa siku kwa miaka thelathini. Mwaka jana daktari Ananie alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamwita kwa jina la mwana wetu: "Papa Luc, haya hayatapona. Yanaweza tu kuacha kuharibika. Ukiendelea na sigara, sikupi Noeli mbili." Lusenge akaahidi mbele ya shirika, yaani majirani wa kikundi chetu cha sala, kwamba kwa Kwaresima ataziacha. Siku ya nne mikono ilimtetemeka hata hakuweza kushika usukani. Ndipo Hadjara, mama anayeuza vifaa vya simu kule Beni, akampa hii nyeusi. Mwaka mzima sasa hajagusa sigara.

Shirika lilimpigia makofi. Nami nilipiga. Lakini sipendi kumwona mtu wa miaka hamsini na miwili akinyonya kitu mezani mbele ya ugali.

Ijumaa, 20 Februari

Kila Ijumaa ninapita nyuma ya vyoo vya wanafunzi. Asiyepita huko haijui shule yake. Vipisi vya sigara: vitatu. Nilipopewa kazi hii ya nidhamu miaka minne iliyopita nilikuwa nikiokota vya kujaza kiganja. Nimejipongeza kidogo.

Préfet ameniita ofisini. Anasema chicha ni tauni, imeingia hata mwaka wa kwanza, na wakubwa wa serikali hawatafanya lolote bila barua ya wazazi.

"Madame Hulda, weye njo uko na mwandiko. Andika. Mais sisi balimu tusisaini, batasema ni shule. Basaini bazazi."

Nimeandika jioni hii. Nimeomba chicha zipigwe marufuku, kuuza na kununua, kwa kila mtu. Nilianza na "kwa watoto", nikaona ni dhaifu, nikafuta.

Jumapili, 22 Februari

Shirika limekutana kwetu. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, ninaandika ahadi za nyumba zote kwenye karatasi moja, kwa sababu ya huu mwandiko wangu, na kila baba au mama wa nyumba anasaini mbele ya ahadi yake. Karatasi inalala ndani ya Biblia yangu hadi Pasaka, kisha tunaitia kwenye moto mpya. Wengine hawasomi nilichowaandikia. Wananiambia, wanasaini, wanapokea kikombe cha chai.

Mwaka huu nilipitisha karatasi mbili, ya ahadi na ya barua. Nyumba thelathini na moja zimesaini zote mbili. Lusenge naye amesaini, wa kumi na nne, haraka haraka, na ule mkia mrefu wa saini yake unaoingia kwenye mstari wa jirani. Hakuna aliyeuliza kitu. Wananiamini, na hilo limenifurahisha.

Jumatano, 25 Februari

Mvua. Chai bila sukari ni maji ya kusuuzia sufuria.

Ijumaa, 27 Februari

Vipisi: viwili. Barua imekwenda juu. Préfet ameniita "bras droit", mkono wake wa kulia, mbele ya walimu wote.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua, matope, na wanafunzi kumi na mmoja wamechelewa.

Jumatano, 4 Machi

Imetangazwa redioni saa sita na nusu. Kuanzia leo ni marufuku kuuza, kununua au kubeba sigara za umeme, Butembo na Beni na kote katikati. Siku kumi tu tangu tusaini! Katika nchi hii nimesubiri karatasi ya mshahara miaka mitatu. Walimu wamepiga makofi, mmoja amecheza.

Lusenge ameisikia ndani ya gari, akirudi na mbao. Amefika nyumbani, amevua buti, amekaa.

"Mama Luc, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Balikuya asubuhi kwa Hadjara, bakabeba vyote. Ata redio ilikuwa haiyasema." Ameinua kichupa chake kwenye mwanga wa mlango. "Imebakia nusu."

"Basi ni wakati muzuri ya kuacha na hiyo," nimesema. "Uliacha sigara. Utashindwa na mvuke?"

Nilisema vile kama mtu anayesahihisha zoezi. Ameniangalia, akasema atajaribu. Hakuuliza nani aliandika barua, wala mimi sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia Jumapili.

Ijumaa, 6 Machi

Vipisi: tisa. Labda ni fundi wa paa.

Jumapili, 8 Machi

Sikumwambia.

Jumanne, 10 Machi

Mvua siku ya tano mfululizo, wingu limekaa juu ya mikaratusi na halitaki kuhama. Paneli yetu juu ya bati haipati jua la kuchaji hata simu. Lusenge ameshika ile nyeusi mkononi jioni nzima, imekufa, anaigeuzageuza. Amechora alama za kalamu ya bic kwenye kichupa ajue anakunywa ngapi kwa siku. Anasema "kunywa". Nimemkemea kwa neno hilo, sijui kwa nini. Nina uchovu wa kukemea, lakini mdomo umezoea.

Ijumaa, 13 Machi

Vipisi: ishirini na moja. Si fundi wa paa. Fundi aliondoka Jumatatu.

Nimesimama pale na kijiti changu cha kufukulia, mvua inaniingia shingoni, nikaelewa jambo ambalo mtoto wa mwaka wa kwanza angelielewa mapema. Wale vijana hawakuacha kuvuta sigara kwa sababu yangu. Walikuwa wamehamia kwenye chicha. Chicha imeondoka, nao wamerudi walikotoka, na safari hii wameongezeka.

Nimekuja nyumbani nikatafuta kichupa cha Lusenge. Maji yamefika chini ya alama ya mwisho.

Jumapili, 15 Machi

Jana sikuandika. Leo sikwenda misa, nimesema kichwa kinaniuma. Niandike yote kwa mpangilio, pengine yatapungua uzito.

Dada yangu wa Beni amejifungua, basi jana nilipanda Fuso pamoja na Lusenge niende kumsalimia mzazi. Tulikuwa magari mengi, askari mbele, askari nyuma, kama kawaida ya barabara ile sasa. Kila mara dereva wa mbele alipofunga breki, Lusenge alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akakuta ni mtupu, akaurudisha kwenye usukani. Nilihesabu mara kumi na saba, kisha nikaangalia dirishani.

Baada ya kumwona mtoto tulipita kwa Hadjara. Alikuwa amekaa mlangoni pa duka lake, ushungi wa kijani, mezani nyaya za simu chache tu.

"Papa Luc, karibu. Na huyu njo mama? Karibu, mama. Sina kitu, Papa Luc. Balibeba carton zote."

"Ata kichupa moja?"

"Ata ya kuwekea dawa. Banasema ni juu ya batoto. Mutoto gani alikuyaka hapa? Mimi mutoto namufukuzaka. Bateja yangu ni badereva na bamaçon ba kujenga, bote batu ba sigara, balikuya hapa juu ya kuiacha. Sasa unaona ule mama wa kona? Anauzisha sigara toka asubuhi, hana nafasi ya kukula. Ye hakuna mutu anamusumbua." Akanyosha kidole kwenye mlango wake. "Na bakanibandikia ile. Someni. Njo barua ya bazazi ya kwenu Butembo."

Lilikuwa agizo, na chini yake, nakala ya barua yangu pamoja na saini zote. Mwandiko wangu ulikuwa umetoka vizuri sana.

Lusenge hasomi haraka. Alianza juu, na kidole, neno kwa neno. Nilikuwa na muda wa kusema. Alifika kwenye saini, akashuka nazo moja moja, majirani zetu wote, hadi ya kumi na nne. Kidole kikasimama juu ya ule mkia mrefu.

"Hii ni mukono yangu," alisema.

Hadjara aliinuka. "Weye? Papa Luc, weye njo ulinifungia duka?"

"Sikujua." Aligeuka kwangu. Hakupaza sauti. "Mama Luc, mwandiko ni yako."

"Ni yangu."

"Na jina yako iko wapi?"

Aliibandua ile karatasi kutoka kwenye mlango, akaigeuza upande wa pili, akalitafuta jina langu kabisa, kama mtu anayenitetea. Halikuwepo. Nilisema préfet alishauri walimu tusisaini. Hadjara alinitazama, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Hakunitukana, na ningependelea anitukane.

Tulirudi na mvua. Tulipofika Maboya, kwenye kizuizi, akina mama wenye sinia walikuja madirishani: ndizi, mayai ya kuchemsha, na sigara moja moja ndani ya glasi. Lusenge alishusha kioo. Alinunua moja. Yule mama alikuwa ameanza kuondoka, akamwita, akaongeza ya pili. Alipandisha kioo kwa sababu ya mvua, akawasha.

"Papa Luc."

"Acha."

"Daktari alisema—"

"Daktari hakusaini kitu. Mimi njo nilisaini."

Alivuta hadi kwenye kichungi, macho barabarani. Mwaka mmoja na siku kumi bila sigara, nimehesabu. Kisha alikohoa hadi tukapungua mwendo na gari la nyuma likatupigia honi.

Sasa niandike lililobaki, maana hakuna anayesoma hapa. Siku ile ya shirika niliikunja ile barua. Niliikunja ili ibaki wazi sehemu ya saini tu, nikaiweka chini ya karatasi ya ahadi. Nilijiambia ni kwa sababu meza ilikuwa ndogo. Meza haikuwa ndogo. Nilijua hatasoma, na nilijua akisoma hatasaini, na ile kunyonya kwake mezani ilikuwa imenichosha. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 16 Machi

Sigara tano.

Jumanne, 17 Machi

Saba. Hataki nimhesabie, anajihesabia mwenyewe na kunitajia akivua buti, bila hasira. Namwomba Mungu anipe siku moja ya kelele.

Alhamisi, 19 Machi. Mtakatifu Yosefu, sikukuu ya akina baba

Nimempikia samaki na mboga za lengalenga. Amekula kidogo, amesema wasingya, yaani asante, ametoka nje kuvuta. Tisa.

Ijumaa, 20 Machi

Vipisi: thelathini na moja. Na safari hii nimemkuta mwenye moja bado mdomoni: Solange.

"Solange, ata weye?"

"Madame, ile ingine mulinitoshea mu mukono."

"Na hii uliipata wapi?"

"Kwa mama wa biskuti, pale kwa portail, kwa mulango ya masomo. Anaulizaka tu: moja ao mbili?"

Alikuwa anatetemeka kwa baridi, viatu vimejaa maji. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza mwanafunzi, kwa sababu katika daftari la nidhamu halina safu yake.

"Mbele ya kuanza chicha, ulikuwa unavuta sigara?"

"Hapana, Madame. Mbele ya chicha sikuvutaka kitu. Kwetu Kayna sikuijua ata kwa macho. Ni huku bale bakubwa ba masomo balinipa, banasema inatosha mawazo, inayafukuza mu kichwa."

"Na inatosha?"

Alifikiri. "Ile ya fraise, kidogo. Hii inanipa kutapika, mais ikikosekana naitafuta tu."

Nilimwambia aende darasani, akauke. Sikumwandika. Nimekaa ofisini na kile kipisi chake ndani ya karatasi. Kwa Solange nilikuwa na haki: ile ya fraise ndiyo iliyomfundisha, na mtu anayewauzia watoto anastahili kufungiwa. Kwa Lusenge nilikosea, na barua ilikuwa moja. Ningeacha yale maneno mawili niliyofuta, kwa watoto, ningelala.

Jumamosi, 21 Machi

Kumi na moja. Mvua.

Jumanne, 24 Machi

Asubuhi Lusenge hakuweza kupanda ngazi ya Fuso. Alishika mlango, akasimama, midomo imebadilika rangi. Nimemshika kwapani tukaenda hadi kwa daktari Ananie kwa miguu, polepole, tukipumzika kwenye kila ukuta. Ana homa, kifua kinapiga filimbi. Amechomwa sindano, amewekewa hewa puani kwa muda wa saa mbili.

Daktari amenivuta kwenye kibaraza.

"Mama Luc, anarudia sigara tangu lini?"

"Siku kumi."

"Ngapi?"

"Kumi na mbili jana."

Amevua miwani, ameisugua na koti lake. Daktari huyu hana maneno ya kupamba. "Ile chicha haiko dawa. Sikuipendaka, na mutoto wangu akiishika namupiga. Mais mwaka muzima sikumuona Papa Luc hapa. Sigara inamuua mbio. Akiweza kuacha vyote, muzuri sana. Asipoweza, unajua weye mwenyewe." Akarudisha miwani. "Nani alileta ile wazo ya kukataza ata batu bakubwa?"

Nikamjibu kwamba ni barua ya wazazi.

Niko kando ya kitanda ninaandika hapa gotini. Anapumua kwa juu juu. Ninaogopa. Naandika tena kwa sababu sijawahi kuliandika neno hili kwenye daftari la shule: ninaogopa sana.

Alhamisi, 26 Machi

Amerudi nyumbani. Jana hakuvuta hata moja, leo mbili, akijificha nyuma ya jiko kama mwanafunzi. Nimejifanya sikuona.

Ijumaa, 27 Machi

Vipisi: thelathini na vinane.

Nimempelekea préfet hesabu zote kwenye karatasi safi: vitatu, viwili, tisa, ishirini na moja, thelathini na moja, thelathini na vinane. Amesoma, amekuna kidevu.

"Madame, sisi tuliomba juu ya chicha. Chicha iliisha. Andika: réussite, tulifaulu."

"Na sigara?"

"Sigara haikuwa mu barua."

Ni mtu mwema, Ézéchias, ana watoto wake watatu katika shule hii hii. Amechoka kama mimi. Anataka jambo moja mwaka huu limalizike na kufungwa. Jumanne, siku ya mwisho kabla ya likizo, mjumbe wa wakubwa atakuja kushuhudia tukiharibu vitu vyangu vya kabatini. Anataka orodha: vyombo tisa, vichupa vinne.

Jumatatu, 30 Machi

Nimefanya jambo. Saa saba na nusu wanafunzi wameondoka, nimejifungia ofisini na chupa tupu ya dawa ya kikohozi ya Lusenge, kifaneli cha mafuta ya taa nilichokiosha mara tatu, na chai yangu isiyo na sukari. Nimemimina vichupa vyote vinne ndani ya ile ya kikohozi. Fraise, embe, mint, na kimoja kilichoandikwa Kichina. Kisha nimejaza vichupa chai, nikavifunga, nikavifuta.

Miaka kumi na tisa ya ualimu. Sikuwahi kubeba hata chaki ya shule.

Jumanne, 31 Machi

Tumechimba shimo kando ya uwanja. Zile tisa zimepondwa kwa mgongo wa jembe. Mjumbe, bwana mmoja mwenye koti zito, alitaka kumwaga vichupa kwa mkono wake. Akafungua cha kwanza, akanusa.

"Hii ni nini? Inanuka chai."

Wanafunzi mia nne wamesimama kwa mistari. Solange alikuwa mstari wa pili, ananiangalia mimi, si kile kichupa.

"Iko na ladha ya kila namna," nikasema.

"Kweli, batu banatafuta kuharibu batoto," akasema, akamwaga. Préfet alitoa hotuba. Walipomaliza kufukia, mjumbe alijitenga chini ya mkaratusi akawasha sigara yake, akamshukuru préfet kwa kazi nzuri.

Nilifika nyumbani. Niliweka chupa ya kikohozi mezani, mbele ya Lusenge.

"Dawa ya nini tena?"

"Weka mu ile yako nyeusi."

Jua lilikuwa limetoka kidogo mchana, paneli ilikuwa imechaji. Alitia, akavuta mara moja, akakunja uso.

"Inanuka sawa cantine ya batoto." Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaisha, akacheka tena. "Uliipata wapi?"

"Usiulize."

"Hapana, Mama Luc. Sasa naulizaka. Nasomaka na kuuliza."

Basi nimemwambia. Yote, hata kukunja karatasi, hata meza ambayo haikuwa ndogo. Alisikiliza akitazama meza yenyewe. Kisha akasema, "Donc mwenye kuandika barua na mwizi ni mutu moja," akatoka nje kuchungulia gari. Hakusema amenisamehe.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Sigara: hakuna, siku ya tatu. Kikohozi kipo. Nyumba nzima inanukia embe na mint, na mimi ninafunga madirisha jirani asisikie harufu. Sikunji tena uso anaponyonya mezani.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Jana karatasi ya ahadi imetiwa kwenye moto mpya. Kabla ya kuitoa nilijisomea mstari wangu: Hulda, sukari. Jina langu lilikuwa pale, saini kamili, kwa ajili ya sukari.

Leo nimekunywa chai yenye vijiko vitatu. Haikuwa tamu kama nilivyokuwa nikiiwaza.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Usiku sikulala vizuri, nikaamka na mapambazuko kuandika barua ya pili. Fupi. Watoto wasiuziwe chicha kamwe, na anayewauzia afungiwe. Mtu mzima anayeacha sigara aruhusiwe kuinunua dukani kwa jina lake. Na sigara moja moja zisiuzwe mbele ya shule. Chini yake nikapanga hesabu zangu za kila Ijumaa, pamoja na tarehe.

Shirika limekuja kwetu kwa chai ya Pasaka. Nilisimama nikawaambia kwamba barua ya kwanza waliisaini bila kuisoma kwa sababu niliikunja. Nilidhani watanipigia kelele. Walitazama vikombe. Mama mmoja alisema, "Madame, sisi tulidhani ni ya muchango wa mabati ya kanisa," na mwingine akacheka, na mimi nikaona aibu mara mbili.

Nikaikunjua hii mpya, nikaiweka katikati ya meza, wazi, na kalamu juu yake.

"Leta nisome," Lusenge akasema.

Alianza juu, na kidole. Nyumba thelathini na moja zilisubiri. Mvua ilianza kwenye bati, ikamlazimu kusogea mlangoni penye mwanga, na bado alisoma, akarudi nyuma mstari mmoja, akasonga tena. Chai ikapoa. Alipofika kwenye hesabu zangu alizitamka moja moja kwa sauti. Kisha akarudi juu.

"Hapa, 'mtu mzima anayeacha sigara'. Njo mimi?"

"Njo weye."

Alichukua kalamu. Nikapumua. Lakini hakusaini, aliigeuza akanipa mimi upande wa kushikia.

"Weka yako kwanza."

Niliandika jina langu lote kwenye mstari wa kwanza, Hulda, mke wa Lusenge, mkuu wa nidhamu, na saini chini yake. Préfet atalisoma kesho kutwa, na sijui Jumatatu ya kurudi shule nitakuwa nani. Lusenge alipuliza wino ukauke. Akasaini wa pili, na mkia wake ukaingia kwenye jina langu. Halafu majirani, lakini kila mmoja alitaka kusoma kwanza, na wasiojua kusoma walitaka wasomewe, basi tumemaliza jioni.

Barua ya kwanza ilijibiwa kwa siku kumi. Sasa hivi nimepima chupa ya kikohozi kwenye mwanga wa mlango: vidole viwili. Anasema akijibana vitamfikisha siku kumi na mbili.